Mkono Mmoja Haukufumba

Genoveva alilipokea tangi la samaki la marehemu kwa sababu ya usingizi. Watu wa jengo walisema mengine: kwamba ana huruma, kwamba mwanawe yuko Ujerumani na nyumba imempwaya, kwamba mwanamke aliyeachika hakosi kutafuta kitu cha kulea. Waache waseme. Miaka yote aliyokaa katika fleti ile ya ghorofa ya pili, mjini Ruse, kando ya mto mkubwa, pampu ya tangi la jirani wa juu ilinguruma taratibu juu ya dari yake, naye akalala kwa sauti ile kama mtoto anayebembelezwa. Plamen, jirani huyo, alipofariki, pampu ikazimwa. Kimya kilichoshuka kutoka darini kilikuwa kizito hata akawa anakodoa macho mpaka kunapambazuka, akisikiliza kitu kisichokuwapo.

Plamen alikuwa mchomeleaji vyuma kwenye yadi ya meli, mtu mrefu, asiye na maneno mengi. Moyo ulimsimama kazini, juu ya ngazi ya chuma, asubuhi ya mwezi wa Oktoba, kabla hajafikisha miaka arobaini. Aliacha mke, Ralitsa, binti mdogo anayeitwa Mila, na mama yake mzazi, Bibi Tsona, ambaye fleti ile ya juu ilikuwa yake. Ralitsa hakuweza kulitazama tangi. Alipoamua kumchukua mtoto na kurudi kwao Varna, alishuka akagonga mlango wa Genoveva.

"Dada Geno, lichukue. Usipolichukua nalimwaga, Mungu anisamehe."

"Usimwage kitu chenye uhai, mdogo wangu. Lakini mimi najua meno tu. Samaki siwajui."

"Samaki wako wawili na hawana shida. Mwenye shida ni lile tumbawe. Alikuwa analitazama kuliko anavyo..." Hakumalizia. Alijifuta pua kwa kiganja, akapanda kwenda kufunga mizigo.

Genoveva alikuwa fundi wa meno ya bandia. Chumba kikubwa cha fleti yake kilikuwa ndiyo karakana: meza ya plasta, jiko dogo la kuyeyushia nta, na rafu za ukutani zilizojaa vielelezo vya taya za watu, vimetoa meno kama vinacheka. Meza iliyoweza kubeba uzito wa tangi ilikuwa humo tu, basi tangi likawekwa humo. Taa yake ya samawati ilipowashwa, zile taya zote zikaonekana kwenye kioo, zinaelea nyuma ya samaki.

Na katikati lilikuwa tumbawe lenyewe. Lilikuwa tumbawe laini, lisilo na mfupa wa mawe. Vikonyo vyake vyeupe, vinene kama vidole gumba, viliota kwenye jiwe, na kila kikonyo kilibeba kichwani shada la viganja vidogo vya rangi ya kahawa ya maziwa. Viganja vile vilifumba na kufumbua. Havikuchoka. Kila kimoja kilikwenda kwa wakati wake, hata ungesema ni umati wa watu wadogo waliozama, wanaomba waonekane.

Siku ya pili Bibi Tsona aliteremka, amevaa nguo nyeusi na ndara za ndani.

"Nimekuja kumwona," alisema.

"Kumwona nani, bibi?"

"Acha maswali. Weka kahawa."

Alijitupa kwenye kiti cha wateja mbele ya tangi, akatoa meno mdomoni, akayatia kwenye mfuko wa aproni. Genoveva ndiye aliyemtengenezea.

"Meno yako yananibana, Geno."

"Yanakubana kwa sababu unayavaa kwenye mazungumzo tu. Kwenye chakula unayavua."

"Kwenye chakula yanakula yenyewe, mimi naondoka na njaa." Alicheka kidogo, ufizi mtupu. Kisha akasogea kwenye kioo, akainua mkono wake wenye mishipa, akaanza kufumba na kufumbua vidole vyote kwa pamoja, polepole, akifuatana na viganja vya ndani. "Unaona? Alipokuwa mchanga alikuwa anapunga hivihivi. Hajajua bado kutikisa mkono. Anafumba, anafumbua."

 Genoveva akajifanya anaangalia kahawa.

Tangu siku hiyo bibi akawa anakuja kila alasiri. Hakumsumbua mtu. Alikaa, akanong'ona na kioo, akanywa kahawa yake, akapanda juu. Genoveva aliendelea kuchonga nta, na alipoinua macho aliona mgongo ule mweusi, na mbele yake mikono midogo isiyo na idadi inapunga. Usiku alilala vizuri. Pampu ilikuwa imerudi, safari hii nyuma ya ukuta.

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwanzoni mwa Desemba, jengo zima linanuka kambare wa kuokwa, alipogundua kwamba tumbawe limekonda. Upande wa nyuma kikonyo kimoja kilikuwa na upara, kama kilichonyolewa kwa wembe. Alidhani ni macho yake. Siku chache baadaye upara ukafika kikonyo cha pili. Ajabu ni kwamba hapakuwa na mabaki. Hakuna kiganja kilichoanguka mchangani, hakuna uozo, maji hayanuki. Viganja vilikuwapo jana, leo havipo, na vilivyosalia vilizidi kupunga kana kwamba hakuna lililowapata wenzao.

Alichukua maji kwenye chupa akaenda kwa Dimo, mwenye duka la samaki karibu na soko, mwanamume mnene mwenye sweta lililotoboka viwiko. Dimo aliyapima, akayatazama mwangani, akatikisa mabega.

"Maji yako ni safi, mama. Safi kuliko yanayotoka kwenye bomba langu."

"Mbona basi linakufa?"

"Nani kasema linakufa? Kitu kikifa kinaacha uozo. Lako linaacha nini?"

"Haliachi kitu."

"Basi linaliwa. Pana mdomo humo ndani." Akaegemea kaunta. "Tangi la Plamen, sivyo? Maskini. Alikuja hapa mwisho wa kiangazi ananisifia kipande cha tumbawe alichonunua kwa mtu mtaani, hajui kimetoka wapi. Nikamwambia kioshe kwanza kwenye dawa, ukiweke peke yake. Akasema atakiosha." Akamrudishia chupa. "Tafuta, mama. Ila nakwambia mapema, wadudu wa namna hii wanajua kujificha kuliko mume wa mtu."

Genoveva alitafuta. Alivaa miwani yake ya kukuzia, ile anayovaa akichonga jino la mbele, akalikagua tumbawe kikonyo kwa kikonyo. Alichunguza chini ya mawe kwa tochi. Hakuona mdudu. Aliona viganja tu, na macho yakimchoka alianza kuona vinamtazama.

"Amehama," alisema Bibi Tsona alasiri moja.

"Nani kahama?"

"Yule wa pembeni. Jana alikuwa juu pale, karibu na bomba. Leo yuko chini huku."

"Bibi, tumbawe limeota. Haliendi popote."

"Mimi namtazama kila siku. Wewe unatazama meno." Akayarudisha yake mdomoni kwa mlio, akaondoka amekasirika.

Ukungu wa mto ulipanda wiki ile ukaumeza mji. Mchana ulifanana na magharibi. Kwenye mlango wa chini wa jengo karatasi ya msiba ya Plamen ilikuwa imelowa, wino wa picha umechuruzika, na kila aliyeingia alipita mbele ya uso usio na macho. Genoveva alizoea kuuangalia ule uso. Sasa aliingia ameinamisha kichwa.

Siku hiyo aliamua kuzima pampu. Alifikiri kwamba viganja vinachezeshwa na mkondo wa maji. Maji yakitulia, navyo vitatulia, naye ataweza kuona vizuri kilichojificha kati yake. Bibi Tsona alikuwa kitini na kahawa yake. Genoveva alibonyeza swichi. Ngurumo ikakatika. Maji yakawa kama kioo ndani ya kioo.

Viganja havikutulia. Viliendelea kufumba na kufumbua, tena kwa nguvu zaidi, ndani ya maji yasiyosogea. Havikuwa vinachezeshwa na kitu. Vilikuwa vinapunga vyenyewe, tangu mwanzo.

"Nilikuwa nakwambia," alisema Bibi Tsona kwa sauti ndogo.

 Genoveva alikuwa ameona kitu kingine. Kwenye kikonyo kilichokonda palikuwa na shada moja lililofumbua mikono yake yote na kukaa hivyo. Rangi ileile. Urefu uleule. Vidole vyembamba vilevile. Mengine yote yalifumba, shada lile halikufumba. Alingoja. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Halikufumba.

Ndipo likaanza kutembea.

Lilijivuta polepole, likawaacha jirani zake, likashuka kwenye kikonyo huku vidole vyake vikiyumba nyuma kama manyoya ya mnyama. Lilipopita pakabaki peupe. Mbele, pale ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, palichomoza pembe mbili laini zikapapasa maji.

Kikombe kilianguka. Bibi Tsona alikuwa amesimama, anafanya ishara ya msalaba tena na tena.

"Mama yangu weee! Mkono wa nani huo, Geno? Mkono wa nani?"

"Si mkono, bibi." Genoveva alisogeza uso kwenye kioo. "Ni konokono. Konokono wa bahari asiye na gamba."

Alimnasa kwa kibano cha kazi yake, akamweka kwenye kisahani cheupe chenye maji ya tangi. Kisahanini, mbali na tumbawe, alionekana alivyo: mwili mrefu kama nusu ya kidole, mgongo umejaa vidole vya uongo. Genoveva alimtazama kwa miwani. Ndani ya vidole vile, chini ya ngozi inayopitisha mwanga, mlikuwa na chembechembe za kahawia zilezile zinazolipa tumbawe rangi yake. Hakuwa ameiga rangi kwa kujipaka. Alikuwa amemeza, na alichomeza kilimuumba.

Bibi Tsona aliinama mpaka pua ikakaribia maji. "Amemla mpaka amefanana naye," alisema.

Kesho yake kazi ilianza mapema. Dimo alieleza kwa simu la kufanya. Genoveva aliteka maji ya tangi kwenye bakuli, akatia dawa ya ayodini mpaka yakawa kama chai isiyokolea, akalitoa jiwe zima na tumbawe lake, akalitumbukiza. Tumbawe lilijikunyata, viganja vyote vikafumba, likawa bonge la nyama iliyokunjamana. Akawa analipulizia maji kwa bomba la sindano. Konokono wakaanza kuanguka. Mmoja, kisha wengine, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanajipindapinda chini ya bakuli, kana kwamba tumbawe limepukutika na kila kipande kimeamka. Chini ya jiwe alikuta mayai, utepe mweupe uliojiviringisha kwa ustadi kama lesi. Aliukwangua kwa kisu cha kuchongea nta.

"Utawafanya nini?" aliuliza Bibi Tsona, aliyekuwa amekataa kukaa.

"Nawatia kwenye spiriti."

"Wote?"

"Bibi, nikibakiza mmoja tutarudi hapahapa."

"Lakini yumo humo ndani yao. Hukuona? Kile walichokula kimo humo, kiko hai."

Genoveva alikwenda kuchukua chupa ya spiriti kabatini. Alipogeuka bibi alikuwa anafunga aproni yake vizuri, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka bila kunywa kahawa.

Mayai mengine huenda yalikuwa yamejificha kwenye mawe ya tangi, na dawa haiui mayai. Njia ilikuwa moja: kuliacha tangi kubwa bila tumbawe mpaka watakaoanguliwa wafe njaa, maana konokono wa aina ile hana chakula kingine duniani. Kwa hiyo tumbawe lilihitaji pa kukaa. Juu, chumbani kwa Plamen, Ralitsa alikuwa ameacha tangi dogo. Genoveva alilisafisha, akalijaza, akalipandisha tumbawe lililobaki.

"Amerudi chumbani kwake," alisema Bibi Tsona, akapangusa kioo kwa upindo wa sketi. Alionekana ana furaha. Alimpa Genoveva kipande cha mkate wa jibini, akamsindikiza mlangoni upesi kidogo.

Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita. Mwanzoni tumbawe lilichangamka. Machipukizi madogo yalitokeza kwenye vikonyo vyenye upara. Genoveva alipanda kila baada ya muda kidogo kulikagua, akashuka moyo mweupe. Halafu, katikati ya Januari, theluji imeziba madirisha ya ngazi, alikuta kikonyo kimeliwa.

Alilitoa, akalikagua kiganja kwa kiganja. Alizima pampu ndogo akangoja. Kila mkono ulifumba. Hapakuwa na konokono, hapakuwa na yai. Akaliosha tena. Siku chache baadaye pakapungua tena, na safari hii ukingo wa upara ulikuwa umenyooka, kama uliokatwa.

"Hujaona kitu, bibi?"

"Mimi nione nini na macho haya?"

Hapo hofu ilimwingia Genoveva, hofu asiyoweza kumwambia mtu. Alikuwa mtu wa plasta na nta; akipima anapata kipimo. Sasa alikuwa na kitu kinacholiwa na mdomo usiokuwapo, chumbani kwa marehemu, nyuma ya mlango. Kazini aliharibu seti nzima ya meno ya mwalimu mmoja. Zile taya rafuni alizigeuzia ukutani.

Na palikuwa na sauti. Mchana, akiwa amezima mashine ya kusugulia, aliisikia kupitia dari: Bibi Tsona anaongea na mtu. Anasema, ananyamaza kama anayesikiliza, anasema tena. Siku moja alipanda juu ya stuli akatega sikio.

"Kula, mwanangu," ilisema sauti. "Kula kidogo. Hujala tangu jana."

Genoveva alishuka kwenye stuli. Angeweza kuwasha redio. Angeweza kumpigia Ralitsa. Badala yake alivaa viatu akapanda ngazi, kwa sababu alijua kwamba asipopanda wakati ule hatapanda tena.

Mlango wa Bibi Tsona haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alipita ukumbini, akapita mbele ya koti la kazi la Plamen lililokuwa bado limetundikwa, akasukuma mlango wa chumba.

Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya dirisha. Mkono mmoja alishika mkasi wa kushonea, mwingine kiganja kimoja cha tumbawe, kimefumba. Kwenye kizingiti cha dirisha, nyuma ya pazia, palikuwa na chupa ya achari iliyojaa maji ya chumvi. Ndani yake alikaa konokono, mnene, mrefu kama kidole cha kati, vidole vyake vyote vimefumbuliwa kuelekea kwenye mwanga. Bibi alikidondosha kiganja ndani. Konokono akageuza kichwa.

"Bibi! Unafanya nini?"

Bibi Tsona hakushtuka. "Ana njaa," alisema.

"Ulimchukua siku ile. Kwenye bakuli. Ulimtia kwenye aproni!"

"Nilimtia kwenye kikombe cha kahawa. Kwenye aproni angekauka, wewe nawe."

"Mimi naosha, nakwangua, silali, nadhani nimerogwa. Kumbe wewe unamkatia na mkasi!" Genoveva alikuwa akipiga kelele, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira, au kwa ahueni. Hakujua.

"Usinipigie kelele chumbani kwa mwanangu."

"Huyu si mwanao!"

"Najua si mwanangu!" Bibi alijiinua kwa kushika kitanda. "Unafikiri nimechanganyikiwa? Nilizaa mtu, sikuzaa konokono. Najua aliko mwanangu, nilikuwepo walipomshusha." Akahema. "Lakini wewe ulisema wafe wote. Plamen alikufa juu ya ngazi ya chuma, katikati ya watu wanaotafuta simu. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga pilipili, naimba. Naimba, Geno! Halafu unaniletea kitu kilichomeza kile alichokipenda, kimebeba rangi yake, kimebeba vidole vyake, unaniambia kitiwe kwenye spiriti. Ningewezaje?"

Genoveva alikaa kitandani. Chumba kilinuka chumvi na nguo za sufu. Kwenye tangi dogo vilikuwa vimebaki vikonyo viwili, kimoja kina upara mpaka chini. Kingine kilikuwa na shada dogo, viganja vichache, vinapunga.

"Njoo uone, bibi," alisema hatimaye, kwa upole. "Kimebaki hiki. Ukimkatia hiki atakula siku mbili, tatu. Kisha na yeye atakufa, kwa sababu hana kingine anachokula. Utabaki na chupa ya maji."

Bibi Tsona alitazama kikonyo. Alitazama chupa. Konokono alikuwa amemaliza, na vidole vyake viliyumba bila kufumba. Bibi alikaa hivyo mpaka taa za barabarani zikawaka nje kwenye theluji.

"Kichukue," alisema. "Kiteremshe kwako, nisikione nikashikwa na huruma."

"Na huyu?"

"Huyu mwache. Sitamkatia tena, nakuapia. Ila usiniambie nimmwage. Nitakaa naye."

Basi Genoveva alikiosha kile kikonyo kwa mara ya mwisho, akakirudisha kwenye tangi kubwa, lililokuwa limekaa wiki nyingi bila tumbawe, na konokono hakuonekana tena humo. Na juu, Bibi Tsona alikaa na konokono wake. Genoveva alijishangaa mwenyewe: kila asubuhi alipanda na kikombe cha maji safi ya chumvi, akambadilishia. Alikuwa amewaua wenzake bila kufikiri. Huyu alimbebea maji.

Konokono hakufa upesi. Alikwenda akipauka. Rangi ya kahawia ilimtoka kuanzia ncha za vidole, ikarudi nyuma, hadi akawa mweupe, halafu akawa si mweupe, akawa kama kioo. Ulipomtazama uliona dirisha ng'ambo yake, na theluji, na paa la jirani. Vidole vyote vilikuwapo lakini havikuwa na kitu ndani. Bibi alikuwa amevuta kiti, anafuma soksi, na kila mara aliweka kidole kwenye kioo cha chupa. Mwanzoni konokono alisogea kukifuata. Baadaye aligeuza kichwa tu. Baadaye hata hilo hakulifanya.

Asubuhi moja bibi alishuka amevaa koti na kitambaa cha kichwani, chupa ameikumbatia.

"Amekwenda," alisema. "Nilikuwa nimemwekea kidole."

Walipanda basi la umeme hadi makaburini. Ukungu ulikuwa umerudi, na picha za marehemu kwenye mawe zilijitokeza moja moja, zinatazama, zinapotea. Bibi alikuwa amechemsha ngano, ameinyunyizia sukari, kama ilivyo desturi ya kuwakumbuka marehemu. Alifukua theluji kwa mkono chini ya msalaba wa Plamen, akamimina maji pamoja na kile kisichoonekana kilichokuwa ndani yake, akafunika. Genoveva alisimama pembeni akiona haya, wanawake wawili wazima wanamzika konokono. Kisha haya ikamtoka. Bibi alimpa ngano kwenye kiganja, akaila, na mwanamke mgeni aliyekuwa kwenye kaburi la jirani naye akaja akapewa, akasema Mungu amsamehe marehemu, bila kuuliza ni nani.

Kikonyo kilikaa kimefumba karibu mwezi mzima. Genoveva alikikatia tamaa mara kadhaa. Siku za Machi zilipoanza kurefuka kilivimba, kikagawanyika, kikawa viwili. Kufikia Pasaka vilikuwa vimepanda kwenye jiwe la pili, na Dimo alipokuja kuona alipiga mluzi.

"Sasa mama utaomba wadudu warudi. Hili likishapona halina adabu, litakujazia tangi zima."

Lilijaza kweli. Genoveva alikata vipande akampa Dimo, akampa mhasibu wa ghorofa ya nne, na bado likaota. Bibi Tsona alikuja alasiri kama kawaida, ila aliongea zaidi na Genoveva kuliko na kioo, na mara nyingine aligeuza kiti kabisa, akakaa ameipa mikono mgongo.

Mwezi Juni alitangaza kwamba anakwenda Varna. Hakuwa amepanda basi la mbali kwa miaka. Ralitsa alikuwa amempigia simu. Mila anaota kwamba baba yake yuko chini ya maji na hawezi kupanda.

"Nitampelekea kipande," alisema Bibi Tsona. "Aone kwamba kule chini pana kitu kizuri. Ralitsa atanuna, anune."

Genoveva alikikagua kipande kile kiganja kwa kiganja, akakitia kwenye chupa ya kuwekea chai ya moto, akamfundisha namna ya kukifungua. Bibi aliiweka chupa ndani ya koti, ijapokuwa jua lilikuwa kali, akapanda basi, akaketi nyuma ya dereva. Siku ile hakupiga simu. Wala siku iliyofuata. Genoveva alifanya kazi ameweka simu kando ya jiko la nta.

Iliita siku ya tatu, wakati anapima taya ya mteja.

"Kilifika kimefumba, Geno. Kama ngumi. Mtoto akalia, mama yake akasema kimekufa, tukitupe."

"Na sasa?"

"Sasa kimefumbua. Kimeanza asubuhi. Mila amekaa mbele ya bakuli hataki kula, na Ralitsa naye kakaa hapo hapo, ananiambia nisizungumze kwa sauti."  Kwa mbali Genoveva alisikia mtoto anacheka. "Haya, nakata. Nimewawekea supu, inapoa."